Mgongo unaouma miaka sita na hofu ya watu: tiba ya mazungumzo iliponisaidia, na iliponishinda

cherehani_kimya (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwa amani.

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Mwaka 2018 nilianguka na bodaboda nikaumia kiuno. Mifupa ilikutwa salama, michubuko ikakauka ndani ya mwezi, maumivu yakabaki. Madaktari huyaita maumivu sugu yakishavuka miezi 3. Yangu yalivuka miezi 3, yakavuka miaka 3, nikaacha kuhesabu. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likagoma. Nimechuliwa, nimefungwa mkanda, nimeombewa, nimepakwa mafuta ya kila rangi. Nikachangisha hela ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, majibu yakasema diski mbili, yale matakia laini kati ya mifupa ya mgongo, zimevimba kidogo. Hilo neno "zimevimba" ndilo lililonimaliza. Tangu siku hiyo nikawa natembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Sasa sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Tangu utotoni naogopa watu. Nyumbani waliita upole, na mama alinisifia kwa wageni kwamba mwanangu hana maneno. Haukuwa upole. Ilikuwa moyo kwenda mbio nikitakiwa kusalimia watu waliokaa barazani. Mgongo ulipoanza, hofu ile ikapata kazi mpya. Mteja akiingia lazima niinuke, nikiinuka nashika kiuno na uso unakunjamana, na mimi nimeshaamua anawaza nini: huyu kijana kazeeka, au huyu anaigiza ili nimwonee huruma nisibishe bei. Nikahamishia cherehani nyumbani. Mtoto wa dada akawa ndiye anapokea vitambaa. Simu nikawa sipokei, nasubiri ikatike halafu naandika meseji. Harusi na misiba, natuma mchango, mwili siupeleki.

Nikadhani nimejitunza. Kumbe mgongo ulizidi kukakamaa kwa kukaa ndani, na watu walizidi kutisha kwa sababu siwaoni. Kila kimoja kilikuwa kinamlisha mwenzake.

Mwaka juzi daktari mmoja aliacha kuangalia picha akaniuliza, "Sokoni umekwenda lini mara ya mwisho?" Nikashindwa kujibu. Akaniandikia nikamwone msaikolojia wa hospitali hiyohiyo. Nilichosikia mimi ni kwamba ameniita kichaa. Ile karatasi nilikaa nayo miezi minne ndani ya daftari la vipimo vya wateja.

Naendelea chini, acha ninyooshe mgongo kwanza.

kijiti_kavu

Yaani mkuu unataka kutuambia maumivu yetu ni ya kichwani? Nina diski, nina picha, nina risiti ya hiyo picha. Halafu niende nikaongee na mtu?

cherehani_kimya

Swali hilohilo nilimrushia mtaalamu siku ya kwanza, tena kwa ukali kuliko wewe. Hakubisha. Aliniuliza kama nimewahi kumwona mchezaji anayemaliza dakika 90 ndipo anagundua kidole kimevunjika. Nimewahi. Kidole kilikuwa kimevunjika muda wote, maumivu yalisubiri filimbi.

Akanieleza kwamba mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa hoja kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Taarifa kutoka mwilini hupita hapo, na ubongo una uwezo wa kulifungua zaidi au kulirudisha nyuma. Hofu, kukosa usingizi na kujichunguza kila dakika hulifungua. Nadharia imerekebishwa sana tangu hapo, lakini wazo kwamba ubongo hupandisha na kushusha sauti ya maumivu limebaki.

Kuhusu picha, tulia nikwambie kilichonishangaza. Mwaka 2015 yalitoka mapitio ya tafiti za picha za migongo ya watu ambao HAWAUMWI kabisa. Katika wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski zilizovimba. Katika wenye miaka 80, asilimia 84. Hawa ni watu wanaolima na kucheza ngoma. Picha yako ni ya kweli na maumivu yako ni ya kweli. Kinachobishaniwa ni kama hicho cha kwanza ndicho kinacholeta cha pili.

kijiti_kavu

Asilimia 30 ya watoto wa miaka 20? Sawa, endelea. Nimekaa.

nesi_wa_zamu

Kabla watu hawajakimbilia kwa wasaikolojia, nisikilizeni. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, kutoka jasho usiku na kupungua uzito ni wa kuchunguzwa kwanza. Kwetu huku kifua kikuu kinaingia kwenye uti wa mgongo, na nimeshaona waliochuliwa mwaka mzima mpaka mgongo ukapinda. Kama miguu inaisha nguvu, mkojo au haja vinakupita bila taarifa, au sehemu za siri zimekufa ganzi, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura. Aliyewahi kuugua saratani naye amwambie daktari mapema.

Ukishapimwa na hayo yote hayapo, ndipo uzi huu unakuhusu. Na unakuhusu kweli, kwa sababu hapo ndipo wengi huanza kuzunguka hospitali kwa hospitali.

cherehani_kimya

Ahsante sana nesi. Mimi nilipimwa hayo yote, makohozi, damu na picha.

Tiba niliyopewa inaitwa tiba ya fikra na tabia, kwenye maandishi mtaona CBT. Mizizi yake iko kwa Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Nilitegemea kulazwa kwenye kochi niulizwe habari za marehemu baba. Hakuna kochi. Kulikuwa na benchi la mbao, daftari, na kazi za nyumbani kama mwanafunzi.

Kazi ya kwanza ilikuwa saa. Nilikuwa na tabia ya kufa na kupona: siku mgongo ukinipa nafasi nashona saa sita mfululizo, halafu nalala chali siku mbili. Mtaalamu akaniambia kanuni ya zamani, ya msaikolojia wa Seattle aliyeitwa Wilbert Fordyce: pumzika kwa saa, si kwa maumivu. Ukipumzika pale tu yanapozidi, ubongo unajifunza kwamba maumivu ndiyo tiketi ya kupumzika. Tukapima nashona muda gani kabla hayajapanda: dakika 30. Tukaanza na 20. Kengele ya simu ikilia nainuka, nazunguka nyumba, narudi, hata kama siumwi. HASA kama siumwi. Kila wiki tunaongeza kidogo. Inachosha na inaudhi, unaacha mkono wa gauni katikati ya mshono. Lakini baada ya miezi miwili jumla ya saa zangu kwa wiki ilikuwa kubwa kuliko enzi za ushujaa.

Kazi ya pili ndiyo niliyotaka kuikimbia. Hofu ya watu ina kanuni zake. Waingereza wawili, David Clark na Adrian Wells, waliueleza mtego wake mwaka 1995. Mwenye hofu hii akiwa na watu hawaangalii watu, anajiangalia mwenyewe kwa ndani, na picha anayoiona humo ndiyo anayoamini wengine wanaiona. Juu yake anaongeza vijikinga. Vyangu tuliviandika vikajaa ukurasa: kukaa karibu na mlango, kushika simu nijifanye nasoma, kuongea kwa kifupi nisitetemeke, kutoinuka mpaka mgeni aangalie pembeni. Kila kijikinga kinakunyima nafasi ya kugundua kwamba bila hicho usingekufa.

Akaniambia atanipiga video nikiinuka kwenye kiti mbele ya watu nisiowajua. Walikuja wanafunzi wawili wa uuguzi. Kabla ya kuanza aliniuliza itakuwaje, niandike kwa namba. Niliandika: kutetemeka 90 kwa 100, uso kukunjamana 95, wao kucheka au kuangaliana 80. Nikainuka, nikawasalimia, nikawaeleza dakika tatu jinsi ya kukata kola. Ndani ya mwili wangu lilikuwa tetemeko la ardhi.

Tukatazama video. Sharti lilikuwa niitazame kama ni ya mtu mwingine, fundi fulani tu. Wakuu, yule fundi aliinuka polepole akiwa na mkono kiunoni, akaanza kuongea. Basi. Uso ulikunja kidogo mara moja. Tetemeko la ardhi halikuonekana popote. Na mmoja wa wale wanafunzi alikuwa anatazama mikono yangu, kumbe yeye mwenyewe anataka kujifunza kushona. Nilirudia ile video mara nne.

Halafu akanituma utafiti. Rafiki yangu aliwauliza watu kumi sokoni: ukimwona fundi anainuka kwa shida, ameshika kiuno, unawaza nini? Watano wakasema wanamwonea huruma au wanawaza anaumwa. Wawili wakasema na wao wanaumwa mgongo, wakaanza kusimulia. Mmoja akasema hajawahi kuliona hilo. Mmoja akapendekeza dawa ya mizizi. Wa kumi, mama muuza nyanya, akajibu: "Nawaza nguo yangu itakuwa tayari lini."

Mzee_Kihonda

Hahaha huyo mama muuza nyanya apewe shahada.

tanga_la_jahazi

Nami nichangie kutoka Mombasa. Mimi ni mwanamke nina ugonjwa wa selimundu, sikoseli kama wengi waitavyo. Uzi mzuri, lakini hapo kwenye utafiti wa sokoni kaka yangu una bahati. Wewe ulikuwa wawazia kwamba watu wakuhukumu. Mimi wanihukumu kweli. Nimefika hospitali na maumivu ya mifupa, nikaambiwa nimezoea sindano. Nikilia, naigiza. Nikinyamaza nikashika simu, basi siumwi. Mahari ya kwanza ilirudishwa waliposikia nina ugonjwa wa damu. Sasa hapo nirekebishe fikra gani? Fikra zangu ziko sawasawa, walio na kasoro ni wao.

nesi_wa_zamu

Dada, hayo uliyosema kuhusu sindano ni kweli na mimi nimewahi kuwa upande ule wa meza. Nisamehe kwa niaba yangu, siwezi kuwasemea wengine. Mgonjwa wa selimundu aliyeishi na maumivu miaka ishirini anajifunza kuumwa bila kupiga kelele. Utulivu wa uso si kipimo.

cherehani_kimya

Dada yangu, nakubali, na sitaki kujifanya nina jibu. Nililofundishwa ni hili: swali la kwanza ni kama hofu inalingana na ukweli. Ikiwa hailingani, unafanya majaribio kama yale ya video. Ikiwa inalingana, hakuna cha kurekebisha kichwani mwako. Kazi inakuwa kupanga utasema nini, utamwita nani akusindikize, utabeba karatasi gani ya daktari wako inayoeleza dawa na kiwango. Mtaalamu anayekulazimisha uone dharau kama "fikra potofu" huyo hajakusikiliza, mbadilishe.

tanga_la_jahazi

Hiyo ya karatasi ninayo. Daktari wangu aliniandikia, nimeifunika plastiki. Siku nyingine yafanya kazi, siku nyingine hawaisomi. Lakini naona umenijibu. Kilichonifaa mimi ni kundi. Tuko tisa wa ugonjwa mmoja, twakutana na mnasihi mara mbili kwa mwezi. Mkutano wa kwanza sikufungua mdomo, wa pili nilisema jina tu. Wa tatu msichana mmoja alisema akiumwa huenda bafuni afungue bomba ili mamake asisikie, na mimi hufanya hivyohivyo tangu shule ya msingi. Nililia hadi nikaaibika, kisha nikaona hakuna aliyenitazama vibaya.

mpenda_namba

Mleta uzi umeandika vizuri ila nitie maji kidogo kwenye mvinyo, maana mtu atauza mbuzi aende tiba akidhani atapona. Mwaka 2020 yalitoka mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba: majaribio 75, washiriki zaidi ya 9,000 wenye maumivu sugu. CBT ilionekana kupunguza maumivu, ulemavu na msongo, lakini kwa kiasi KIDOGO au kidogo sana. Tiba nyingine zilikuwa na ushahidi hafifu zaidi.

Kwa upande wa hofu ya watu hali ni nzuri kuliko hapo. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaweka CBT ya mtu mmojammoja, iliyotengenezwa mahususi kwa hofu hii, mbele ya dawa. NICE haohao mwaka 2021, kwa maumivu sugu ya msingi, yaani yale yasiyoelezeka na ugonjwa mwingine, walitaja mazoezi, CBT, na tiba ya kukubali iitwayo ACT. Tena wakashauri watu wasianzishiwe dawa za jamii ya afyuni, wala parasetamoli, wala za jamii ya diklofenaki kwa aina hiyo ya maumivu.

Kuna jingine linalosisimua. Mwaka 2021 kule Colorado walitoa matokeo ya tiba inayomfundisha mgonjwa kuyasoma maumivu upya, ayaone kama king'ora kilichokwama na si moto. Washiriki walikuwa 151, wa maumivu ya mgongo ya wastani. Waliopata tiba hiyo, asilimia 66 walibaki bila maumivu au karibu na hapo. Wengine walichomwa sindano ya maji ya chumvi huku wakiambiwa kabisa kwamba ni maji ya chumvi: asilimia 20. Walioendelea na matibabu yao ya kawaida: asilimia 10. Ila ni jaribio moja, na watu waliochaguliwa kwa makini. Tusiishone bendera bado.

cherehani_kimya

Mkuu namba zako nazikubali, na zinafanana na mwili wangu. Nilipoanza niliyapa maumivu 7 kwa 10. Leo ni 5, siku mbaya 6. Mtu akiangalia hiyo tu atasema umepoteza nauli. Lakini wakati wa 7 nilikuwa chumbani, wakati huu wa 5 nina kibanda barabarani.

Hiyo ACT umeitaja, ngoja niieleze kwa sababu mtaalamu wangu alihamia huko nilipokwama. Mwanzilishi wake anayejulikana zaidi ni Steven Hayes wa Marekani. Hawabishani na fikra zako. Wana mfano wa basi, yeye akaufanya daladala: wewe ni dereva, maumivu na hofu ni abiria wa nyuma wanaopiga kelele "shusha hapo, geuza, utaumbuka." Miaka yote nimekuwa nasimamisha gari nigombane nao, gari haliendi. Swali lake likawa, bila wao kushuka, gari lilikuwa linaelekea wapi? Nikajikuta nimejibu bila kufikiri: harusi ya mdogo wangu. Vikao vilikuwa vimeanza, mimi ni kaka mkubwa, na nilikuwa nimepanga kutuma mchango.

ua_la_asumini

Samahani, mimi nimeambiwa nifanye lile zoezi la kukaa kimya na kusikiliza mwili kuanzia unyayo hadi kichwani. Shangazi anasema hiyo ni ibada ya watu wengine.

nesi_wa_zamu

Mdogo wangu, chanzo cha mbali ni Ubudha, shangazi hajakosea. Lakini programu ya wiki 8 inayotumika hospitalini ilianzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979, kwa wagonjwa wa maumivu na msongo, na humo hakuna unayemwabudu. Unasikiliza pumzi na mwili. Ukiona dhamiri inakusuta, mwambie mtaalamu wako, zipo njia nyingine. Na kama kufumba macho kunakuletea kumbukumbu mbaya, fumbua, usijilazimishe.

kijiti_kavu

Hizi huduma ziko wapi na sisi wa mikoani tufanyeje? Na dawa je, kwani hakuna ya kummaliza huyo mdudu hofu?

nesi_wa_zamu

Zipo. Kuna dawa kama sertralini ambazo husaidia hofu ya watu, na amitriptilini kwa kiwango kidogo usiku husaidia baadhi ya maumivu ya neva na usingizi. Ni za daktari. Usinunue kwa jirani na usizikate ghafla ukijisikia vizuri.

Wataalamu ni wachache, tusidanganyane. Anzia kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, au muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, na huko Mathari na Mirembe hawatibu "vichaa" tu kama mnavyosema. Zimbabwe wametuonyesha njia: tangu 2006 wanafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, na mpango huo umefika Zanzibar. Nairobi pia wahudumu wa afya ya jamii walishajaribiwa kutoa vikao vitano vya WHO kwa wanawake waliopitia ukatili, na vilisaidia. Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mgongo, lakini inaonyesha si lazima tusubiri kila wilaya ipate daktari bingwa.

tanga_la_jahazi

Na wale wa kutibiwa kwa simu? Mimi nilianza hivyo, nikiwa nimezima kamera.

cherehani_kimya

Kuanza ni sawa kabisa, hasa siku mwili umegoma. Kwa sisi waoga wa watu tatizo ni kwamba kamera iliyozimwa nayo inageuka kijikinga. Mimi niliwekewa tarehe ya kuiwasha.

Mzee_Kihonda

Mleta uzi hujamaliza. Kikao cha harusi ulikwenda?

cherehani_kimya

Nilikwenda, mzee wangu. Mpango ulikuwa hivi: nikae katikati, si mlangoni. Simu ibaki mfukoni. Nikisikia haja ya kuinuka niinuke tu, nisisubiri watu wageuke. Na niseme jambo moja kwa sauti. Nilitabiri kwa namba, kama kawaida.

Nikainuka mara mbili kunyoosha mgongo. Mara ya pili baba mdogo akainuka pia, akasema afadhali, na yeye kiuno kilikuwa kinamuwaka. Zamu yangu ya kutaja ahadi ilipofika sauti ikatetemeka, hilo lilitokea kweli, sitaficha. Mweka hazina akasema, "Kaka, rudia, laki ngapi?" Nikarudia. Akaandika, akaenda kwa mwingine.

Halafu ikaja Januari, msimu wa sare za shule, nikajisahau. Siku tatu nilizima kengele nikashona mpaka usiku. Wiki nzima nikalala chali, nikafunga kibanda, na simu nikarudia kutopokea. Nilitaka hata kufuta namba ya mtaalamu kwa aibu. Nilipomwandikia alijibu kwa swali moja tu: kengele iko dakika ngapi sasa?

Nimeirudisha kwenye 20. Leo ni wiki ya pili. Imelia wakati naandika hapa, ngoja nizunguke nyumba.